Nikila kidogo tumbo linajaa na nina kisukari, je yoga itanitibu?

"Dokta habari. Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Arusha huku Sakina, nina kisukari aina ya pili mwaka wa 13 sasa. Natumia metformini na insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana tumbo linanisumbua sana, nikila kidogo tu nashiba, linajaa gesi, usiku nacheua chakula nilichokula mchana, choo nacho kinagoma siku tatu nne. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba jioni nachoma sindano, nakula vizuri, afu baada ya muda sukari inashuka mpaka 3.6 natetemeka, alfajiri nikipima nakuta 14. Binti yangu alinipeleka kwenye darasa la yoga. Mwalimu ni mzuri, anasema mikao ya kujisokota inakamua kongosho kama unavyokamua nguo na kuiamsha, na kila nikimaliza kula nikae nimekunja magoti juu ya visigino ili chakula kishuke. Gesi inatoka kweli na nalala vizuri, ila miguu ina ganzi na goti linauma. Je yoga inaweza kutibu hili tumbo? Na naweza kupunguza metformini, maana nahisi ndo inayonijaza gesi?"

Shikamoo mama, na pole sana. Umeniuliza kuhusu yoga na nitakujibu, ila niseme kabisa kwamba kilichonishtua kwenye maelezo yako sio yoga, ni hiyo sukari inayoshuka 3.6 wakati umetoka kula, afu alfajiri iko 14. Hiyo usiichukulie kama vituko vya mashine, inatuambia kitu kuhusu tumbo lako, na ndo inayotakiwa kukupeleka kliniki wiki hii, usisubiri tarehe yako ya kwenye kadi. Yoga endelea nayo, itakusaidia, lakini sio kwa njia aliyokueleza mwalimu na haitatibu tumbo lenyewe, kuna mikao inabidi uiache kwanza. Metformini usiiguse mpaka uongee na daktari wako. Sasa nieleze kwa nini.

Tuanze na kongosho maana hiyo habari ya kukamua nimeisikia kwa wagonjwa wengi hapa Moshi. Kongosho imelala nyuma ya tumbo la chakula, imeegemea kule mgongoni, mbele yake kuna tumbo, utumbo na mafuta. Ukijisokota kiuno haikamuliki, na hata ingekamulika zile seli zinazotengeneza insulini hazifanyi kazi kwa kubanwa, zinafanya kazi kwa kusoma kiasi cha sukari kilichopo kwenye damu. Kwenye aina ya pili shida inaanzia kwenye ini na misuli ambavyo havisikii insulini vizuri, kongosho inalazimika kutoa nyingi zaidi miaka na miaka mpaka seli zake zinachoka na kupungua, kwa hiyo mtu wa miaka 13 kama wewe kuhitaji sindano ni jambo la kawaida tu, sio kwamba umezembea.

Lakini mwalimu wako hajakosea kwamba yoga inasaidia sukari. Tafiti zipo, nyingi zimefanyika India, na ukiziweka pamoja zinaonyesha watu wenye aina ya pili waliofanya yoga huku wanaendelea na dawa zao sukari ya asubuhi ilishuka kiasi, na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, nacho kikashuka kiasi. Nyingi ni ndogo na za muda mfupi, kwa hiyo tusizipe uzito kupita zilivyo, ila zinaeleweka, manake misuli ikifanya kazi inachota sukari kwenye damu hata kama insulini ni haba, na mtu akitulia akalala vizuri zile homoni za mawazo zinazopandisha sukari zinapungua. Wewe mwenyewe umesema unalala vizuri, hiyo peke yake ni faida kubwa na sitaki uipoteze.

Sasa tumbo. Watu wengi wanafikiri chakula kinashuka kwa uzito wake, ukikaa vizuri kinateremka, na ndo maana wazo la kukaa juu ya visigino linaingia akilini haraka. Ukweli ni kwamba tumbo lina mapigo yake, kama mara 3 kwa dakika, linasaga chakula kule chini mpaka kinakuwa vipande vya milimita 1 au 2 ndo mlango wa kutokea unakiruhusu kuingia utumbo mwembamba kidogo kidogo. Mapigo hayo yanaanzishwa na seli maalumu ndani ya ukuta wa tumbo na yanaongozwa na mshipa mrefu wa fahamu unaitwa vagasi, unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni, kifuani, mpaka tumboni. Sukari ikiwa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, ile ya miguuni unaijua maana una ganzi, ila mama hii ya ndani nayo inaharibika na huwa hatuisemi sana kliniki kwa sababu haionekani na mgonjwa akisema tumbo linajaa anaambiwa ni gesi au vidonda. Tumbo likipoteza mshipa wake linasaga kivivu, chakula kinakaa masaa mengi, unashiba kwa vijiko vichache, unacheua cha mchana usiku, wengine wanatapika kabisa chakula cha jana. Madaktari wanaita gastroparesisi. Na kuna kitu kingine ambacho ni habari njema kwa upande wako, sukari ikiwa juu siku hiyo inachelewesha tumbo siku hiyo hiyo, hata kwa mtu ambaye mshipa wake ni mzima, kwa hiyo sehemu ya shida yako inaweza kupungua sukari ikitulia tu.

Siwezi kukwambia kwa kusoma maandishi kwamba una gastroparesisi. Ila angalia hii hesabu ya sindano yako. Unachoma jioni, insulini inaanza kazi kwa saa yake, yenyewe haijui kama chakula bado kimekaa tumboni. Haikuti sukari mpya inayotoka kwenye utumbo, inashusha ile iliyopo, unafika 3.6 unatetemeka. Baadaye usiku insulini imeshapungua nguvu, ndo tumbo linaanza kumwaga ule ugali wa saa mbili, na kile ulichokunywa kujiokoa nacho kinaongezeka juu yake, alfajiri unakuta 14. Kuna sababu nyingine za sukari ya asubuhi kuwa juu, ila kushuka mara baada ya kula kwa mtu anayeshiba haraka na kucheua chakula cha masaa mengi, mimi nafikiria tumbo kwanza. Tiba yake mara nyingi ni kubadilisha aina ya insulini au muda wa kuichoma, na hapo nakuomba sana usijipangie mwenyewe, usiache sindano ya jioni kwa kuogopa kushuka, nenda na namba zako daktari akupangie.

Na ukishuka tena, yaani chini ya 3.9, usile mkate wala ndizi ukitegemea vikupandishe, kwa tumbo kama lako vitachelewa kufika. Kunywa cha maji maji, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida nusu glasi hivi (sio ile isiyo na sukari), subiri dakika 15 upime tena, ikiwa bado chini rudia. Weka glukosi ya unga kwenye pochi na nyingine kando ya kitanda, na huyo binti yako ajue ilipo.

Metformini. Ni kweli inaleta gesi, kuhara, kichefuchefu, wengine ladha ya chuma mdomoni, ila mara nyingi inasumbua mwanzoni au dozi ikipandishwa, na ikisumbua zaidi inaharisha. Kama umeitumia dozi ile ile kwa miaka na shida imeanza mwaka jana, tena choo kigumu na kucheua chakula cha mchana, hiyo haifanani sana na metformini. Inawezekana inachangia gesi, na kama inachangia kuna namna, kuimeza katikati ya chakula, au kuhamia ile inayoyeyuka polepole ambayo tumbo huipokea vizuri zaidi. Kitu ninachotaka umuulize daktari ni vitamini B12, kwa sababu metformini ya miaka mingi inaweza kuishusha na upungufu wake nao unaleta ganzi miguuni, inaweza kuwa sio yote ni kisukari. Alafu beba dawa zako zote kwenye mfuko, sio kadi tu. Wagonjwa wengi wenye miguu inayowaka moto wanapewa amitriptilini usiku, ni dawa nzuri kwa ile moto, ila inapunguza kasi ya tumbo na kukausha choo, hali kadhalika tramadoli na kodeini za maumivu. Nimeona watu wanahangaika na juisi za kila aina kumbe kidonge cha usiku ndo kinafunga choo.

Sisi watu wa kaskazini tunakumbuka 2011, misururu ya magari kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, na wapo waliorudi wakaacha dawa za sukari. Simlaumu mtu aliyechoka na kuumwa akatafuta tumaini, na yoga sio kikombe, ina faida inayopimika, lakini lile kosa la kuacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri ni lile lile. Dozi inapunguzwa kwa namba za mashine na HbA1c.

Haya, mikao yenyewe. Nianze na hiyo ya kukaa juu ya visigino, vajrasana wanaiita, iache. Faida yake kubwa baada ya kula ni kwamba uko wima, hujalala, na hiyo unaipata ukikaa kwenye kiti cha kawaida mgongo ukiwa umenyooka. Hasara yake kwako ni kubwa, kuna mshipa wa fahamu unapita nje ya goti karibu na ngozi kabisa, ukikalia magoti yaliyokunjwa muda mrefu unabanwa, na imeshaandikwa kwenye majarida ya kitabibu mtu kushindwa kunyanyua wayo kwa ajili ya mkao huo. Mwenye miguu mizima atasikia ganzi na maumivu abadilishe mkao, wewe hutasikia mapema. Na ngozi ya juu ya mguu inasuguana na mkeka unapata kidonda usichokijua. Goti linalouma limekwambia ukweli, lisikilize.

Ule wa kulala chali ukavuta magoti kifuani, goti moja moja au yote, huo endelea nao. Kazi yake kwenye utumbo mpana na gesi inaeleweka, gesi inahama ukibadilisha mkao na misuli ya tumbo ikikaza na kulegea. Ila usifanye umeshiba, kwa tumbo linalochelewa utacheua mpaka kooni, subiri masaa matatu au manne, kwa hiyo asubuhi ndo wakati wake. Kujisokota nako sio kubaya, fanya ukiwa umekaa kwenye kiti, taratibu, usibane pumzi, kwa ajili ya mgongo na kiuno, tumbo likijibu vizuri sawa. Ila ushahidi kwamba mkao wowote unalifanya tumbo lililolegea lisage haraka ni mdogo mno, mtu asikuuzie vikao vya ziada kwa ahadi hiyo.

Kuna mikao sitaki uifanye kabisa mpaka macho yakaguliwe. Yote ya kichwa chini miguu juu, kusimama kwa mabega, hata kuinama muda mrefu kichwa kikining'inia, na ile pumzi ya haraka ya kukaza tumbo kwa nguvu, kapalabhati. Mtu wa miaka 13 ya kisukari anaweza kuwa na vimishipa vipya dhaifu nyuma ya jicho bila dalili yoyote, presha ikipanda kichwani au akijikamua vinaweza kuvuja damu ndani ya jicho na uoni ukaziba ghafla. Hujaniambia mara ya mwisho umepimwa lini macho kwa kuwekewa dawa ya kupanua mboni. Kama ni zaidi ya mwaka, huku Moshi hospitali ya KCMC kuna idara kubwa ya macho, na Arusha pia utapata, fanya hilo ndo urudi kwenye mikao mikubwa kama daktari ameruhusu.

Pumzi za taratibu ndo sehemu ya yoga ninayoipenda kwa watu kama wewe. Kaa, mkono tumboni, vuta hewa tumbo linyanyuke, toa polepole zaidi ya ulivyovuta, kama pumzi 6 kwa dakika, dakika tano mpaka kumi. Hii inaamsha ule upande wa mishipa ya fahamu unaotuliza mwili, na vagasi ndo mshipa mkuu wa upande huo. Haitafufua mshipa ulioharibika, niwe mkweli, ila kiungulia na kucheua kwa baadhi ya watu vinapungua kwa sababu kiwambo, ule msuli kati ya kifua na tumbo, unasaidia kufunga mlango wa juu wa tumbo.

Na baada ya kula, badala ya visigino, tembea mama. Dakika 10 au 15, mwendo wa kuongea, hata kuzunguka uani kama nje kuna giza. Kutembea kunasaidia tumbo kumwaga na gesi kusogea, na kunashusha ule mlima wa sukari wa baada ya kula. Vaa viatu vilivyofungwa na kagua nyayo ukirudi. Ila kwa sasa ambapo sukari yako inashuka baada ya chakula cha jioni, pima kabla ya kutoka, na usitoke peke yako.

Darasa la asubuhi nalo lina mtego wake, yoga wanataka tumbo tupu na wewe uko kwenye insulini. Pima kabla. Ikiwa chini ya 5 kula au kunywa kitu kidogo kwanza, ikiwa juu ya 14 na unajisikia vibaya au unatapika usifanye mazoezi siku hiyo. Hii baridi yetu ya Juni na Julai vidole vinaganda damu haitoki, osha mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza kisha kausha vizuri. Mkimaliza ule mkao wa kulala, usinyanyuke ghafla, geuka ubavu, kaa kidogo, ndo usimame, kwa sababu mishipa ile ile ya ndani ndo inayoshikilia presha na watu wengi wanaona giza hapo.

Chakula kitakusaidia kuliko mikao yote, na hapa ndo nasaha tunazotoa kliniki zinagongana. Tunawaambia watu wenye kisukari kuleni nyuzinyuzi nyingi, makande, maharage, mboga mbichi, na kwa wengi ni sahihi kabisa, ila kwa tumbo lisilosaga, maganda ya mahindi na maharage yanakaa humo na yanaweza hata kujikusanya donge. Mafuta nayo yanachelewesha tumbo. Kwa hiyo makande na nyama choma vipumzishe kwanza mpaka tujue tumbo likoje. Mtori kwa bahati ni chakula kizuri kwako, ni laini, umepondwa, nyama imechemka ikalegea, ila upikwe bila mafuta mengi na upime bakuli, manake ndizi ni wanga na utahesabika kwenye sukari. Ugali mdogo na samaki wa kuchemsha, mboga zilizopikwa zikaiva, maziwa mgando, papai lililoiva kipande. Gawa chakula mara tano au sita kidogo kidogo (huo mgawanyo upange na daktari ukiwa unapanga insulini), cha mwisho kiwe mapema, saa kumi na mbili au saa moja, usilale mpaka yapite masaa mawili matatu. Mbege na bia acha kwa sasa, pombe inaweza kuchelewesha tumbo na inashusha sukari usiku. Choo kigumu, ongeza maji na kutembea kwanza, kama siku tatu zinapita hamna kitu zipo dawa salama, usinywe majani ya kuharisha kila wiki.

Dawa za kusukuma tumbo zipo na zinasaidia, ila usinunue tu duka la dawa. Metoklopramidi ikitumika zaidi ya wiki 12 inaweza kuleta misuli ya mdomo na uso kucheza yenyewe na isiache, kwa hiyo inatakiwa mtu anayekufuatilia. Na kabla ya kuzifikia lazima waangalie kama hakuna vidonda, bakteria wa tumbo au kitu kinachoziba, mara nyingi kwa kipimo cha kamera. Anzia hospitali ya Mount Meru hapo Arusha au kliniki yako ya kawaida, wakiona haja watakupa rufaa kuja huku KCMC.

Usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo ukitapika mpaka maji hayakai huku unatumia insulini, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, tumbo likiuma sana na kuwa gumu, au ukipumua kwa kasi na kina huku umechoka sana. Na ukisikia kubanwa chembe ya moyo ukatoka jasho usiseme ni gesi, kwa mama mwenye kisukari moyo mara nyingi unaanza hivyo. Kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama kooni wakati wa kumeza, hayo nayo ni ya wiki hii, huku kwetu kaskazini saratani ya koo la chakula tunaiona na inawahiwa kwa kamera tu.

Mpaka siku ya kliniki chukua daftari la binti yako lolote, andika saa uliyochoma, saa uliyokula na ulikula nini, sukari kabla ya kula, masaa mawili baadaye, ukiweza na saa nane usiku mara moja moja, na pembeni uandike kama umecheua au umejaa. Siku tano zinatosha kumwonyesha daktari. Ukishapata majibu ya macho na B12 niandikie tena, nitakupangia na mikao ya kurudishia.